Titi la Usufi

Usufi ukiushika hujui kama umeushika. Ndivyo ninavyowaambia wateja wangu, nao hudhani nawapamba kwa maneno ili wanunue mto. Lakini ni kweli. Unafumba mkono, unauambia mkono kuna kitu humo ndani, mkono unakataa. Kibanda changu cha kushona mito na viti vya malori kiko kando ya barabara, Miritini, na kuanzia saa nane mchana, jua linapoingia kwa upande wa mlango, usufi wote ulionitoroka tangu asubuhi huinuka ukaelea. Hauanguki. Unapanda, unashuka kidogo, unafikiri, unapanda tena. Nimewahi kuona unyuzi mmoja ukikaa hewani siku tatu, na siku ya nne ukajitokea mlangoni kama mtu aliyemaliza shughuli zake. Nje malori yananguruma, vumbi limefunga njia, nami humo ndani nimekaa katikati ya wingu, sindano mkononi, sijui kama nimeamka au bado.

Mambo ya mwaka ule nayaona kupitia wingu hilo. Hata yale ya kutisha yananijia yakielea.

Mimi ni msomi, nisijifiche. Kidato cha nne nilikimalizia shule ya usiku, Changamwe, nikiwa na watoto wawili na mvi zisizohesabika, darasa moja na mabawabu watano na mpishi wa melini aliyelala kuanzia hesabu hadi dini. Fizikia nilifaulu. Alama sitaitaja, isije ikawavunja moyo vijana. Aliyenisukuma kwenda ni dada yangu mkubwa. Mama yetu alifariki mimi ningali wa kubebwa mgongoni, na mgongo ulionibeba baada ya hapo ukawa wake. Mpaka leo huniita mwanangu mbele za watu, nami huitika.

Dada anakaa Chaani, chumba kimoja na kiukumbi, nyumba ya kupanga yenye ua mmoja wa kuanikia nguo. Mwaka ule alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Titi likakatwa, kidonda kikapona vizuri mpaka daktari akakisifu, ingawa aliyeshona ni yeye mwenyewe. Ila ilibaki dawa, ile inayoitwa kemo, ya kuingizwa mshipani mara sita, kila baada ya wiki tatu. Akaenda ya kwanza. Akaenda ya pili. Siku hiyo ya pili akirudi, akapita dukani kununua sukari, na mwanamke mmoja akamtazama usoni, kisha kifuani, kisha usoni tena, akamuuliza habari za nyumbani. Hakusema baya. Dada akalipa sukari yake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Ya tatu ilimpita amelala, ametazama ukuta.

Muuguzi alipiga simu. Akasema dawa ile hairukwi kama chai ya saa nne. Akatupa Jumatano nyingine, wiki tatu mbele, akasema kwa upole kwamba hiyo nayo ikipita, yeye hajui atatwambia nini. Nikaenda kumwambia dada.

"Nitatokaje hivi?" akasema. "Upande huu mtu, upande huu ubao."

"Jifunge leso."

"Leso hujui weye. Leso huambiwa na kifua ikae wapi."

Nikarudi kibandani nikashona kiti kizima cha lori nyuma mbele.

Alhamisi yake nikaenda nyuma ya kanisa moja pale Chaani, kwenye chumba ambako akina mama wa kikundi cha saratani ya matiti hukutana. Watu wa kujitolea tu. Waliwapeleka wagonjwa hospitali, wakawatafutia nauli, wakakaa nao dawa ikiingia, na mara moja moja wakawaleta wauguzi chini ya turubai wawapime wanawake bure. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu aliyezalisha nusu ya Changamwe na, kwa maneno yake, anajutia robo. Kando yake aliketi mama mmoja Mwislamu, muuza viazi vya karai, aliyeingia chumba kile cha kanisa kila Alhamisi kama aingiaye kwake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu mkunga. "Umepotea?"

"Sikupotea. Nimeletwa na dada yangu."

"Yuwapi?"

"Hakuja."

"Sasa amekuletaje?" akauliza mama wa viazi. "Haya, keti. La, usiketi. Kwanza vitoe vile viti nje, mgongo unao."

Hivyo ndivyo nilivyojitolea. Watu wengine huitwa na moyo. Mimi niliitwa na viti arobaini vya plastiki. Nilipomaliza kuvitoa nikawaeleza habari za dada na Jumatano yake. Kesho yake wakaenda kumwona. Aliwapokea kwa dirisha. Akawashukuru, akawaombea safari njema, akavuta pazia.

"Yule si mkaidi," mkunga aliniambia. "Yule anaona haya. Mkaidi ningemuweza."

Siku zile kikundi kilikuwa kikitafuta pesa za turubai na nauli za wagonjwa, ya dada ikiwamo iwapo angekubali. Nikawaambia mimi pesa sina, mito ninayo. Mkunga akaja kibandani kuitazama. Alikuta dereva mmoja wa masafa marefu akichagua mto, naye akasimama pale mlangoni, usufi ukimtua kwenye nywele, akimwangalia.

"Mbona auminya hivyo?"

"Anatafuta kokwa," nikasema.

Usufi una kokwa nyeusi, ndogo kama pilipili manga. Fundi mvivu huziacha ndani, nazo hukukera sikioni mpaka alfajiri. Kwa hiyo mnunuzi anayejua mito halipi kabla hajauminya wote, kwa ncha za vidole vitatu, polepole, akianzia ukingoni na kuzunguka kuja katikati. Akikuta kokwa moja anakutazama kama umemtukana. Kwangu hawazikuti, lakini huwa nawaacha watafute. Mto uliominywa vizuri huuzika wenyewe.

Mkunga aliviangalia vidole vile mpaka dereva akalipa akaenda.

"Miaka yote hiyo nawafundisha wanawake kujipapasa," akasema mwisho, "wanasahau wakifika mlangoni. Kumbe barabara nzima hii inajua."

Akaniagiza mto mdogo, wa duara, unaojaa kiganja, na ndani yake kokwa moja tu, niifiche pazuri. Nikaushona kwa kitambaa cha kahawia laini, bitana la koti kuukuu. Ilikuwa kazi ndogo, na sijui kwa nini niliifanya nimeshusha pazia la mlango.

Jumamosi tukapanga mito kwenye jamvi mahali malori yanapopumzika. Siku hiyo yalikuwa yamejipanga mpaka nadhani la mwisho lilikuwa bado Uganda. Akina mama walijifunga leso za waridi, mama wa viazi akawasha karai lake, na tangazo likatolewa: atakayeipata kokwa kwenye mto mdogo, kiazi kimoja bure. Ukitaka kuwakusanya madereva, usiwaambie habari ya ugonjwa. Waambie kuna kitu hawawezi kukipata.

"Mathe, hii ni mto ama ni mtihani?" akauliza kijana mmoja dereva, mtu wa bara, amefunga taulo shingoni.

"Mtihani," akasema mkunga. "Minya."

Akaminya. Wenzake wakamzunguka wakimcheka, mmoja akimwambia hata gia huwa anaitafuta hivyohivyo. Vidole vyake vikapunguza mwendo. Vikasimama.

"Iko hapa. Pembeni, chini."

"Hongera. Una mke?"

"Ninaye."

"Ndivyo hivyo ajitafute. Kila mwezi, akimaliza siku zake. Akikuta kama hiyo asingoje iume. Aje kwetu au aende kwa daktari yeyote."

Kijana akauangalia ule mto kiganjani. Wale waliokuwa wakicheka wakaanza kujipanga nyuma yake, mmoja mmoja. Akachukua kiazi chake, akanunua mito miwili mikubwa, akapanda kwenye kichwa cha lori. Nilimwona akiongea na simu kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, muda mrefu, kiazi kimepoa mbele ya usukani. Tanboi, yule msaidizi wake wa safari, aligonga mlango mara mbili, hakufungua. Nyuma yao treni ya reli mpya ikaingia stesheni bila haraka, nyeupe, na kwa kitambo kidogo nikaona kila kitu pale kimetulia: moshi wa karai, wanaume wazima wamepanga foleni kupapasa mto, akina mama wa waridi kwenye vumbi. Nikadhani naota. Nilijifinya, na hata baada ya kujifinya sikuwa na hakika.

Tuliuza mito mpaka ule niliokuwa nimeukalia ukavutwa chini yangu. Tukifunga jamvi nikaukuta ule mdogo mfukoni mwangu. Nikaukamata. Ulijaa kiganja. Ndipo nilipomwona dada yangu wazi kabisa, amesimama dukani, anasubiri sukari.

Mimi ni mwanamume, sikuweza kumpima. Nikamtuma mama wa viazi, na safari hii dada akafungua mlango. Alirudi akichora kwa mikono hewani.

"Kama bakuli la uji," akasema, "lakini lenye adabu."

Nikatengeneza titi la kwanza kwa usufi mtupu, mteule, uliochambuliwa mpaka ukakosa hata kivuli. Dada alilipokea kwa mashaka, akaingia chumbani, akatoka. Likakaa. Wallahi lilikaa, hata mama wa viazi akafunika mdomo. Kisha dada akainua mkono kushusha sufuria rafuni. Mkono ukarudi chini, titi halikurudi. Lilibaki juu, karibu na bega, linasikiliza.

"Hili lako," dada akasema, "linataka kutangulia mbinguni."

Msomi wa fizikia nikaona haya. Kitu chepesi hupanda. Nililipiwa karo kuambiwa hivyo. La pili nikalitia uzito: pojo, zile punje ndogo za kijani, kikombe kizima ndani ya mfuko wake katikati ya usufi. Hilo lilitulia. Dada akainama, akanyooka, akainua mikono yote miwili kama mtu wa maombi, nalo likabaki mahali pake. Ijumaa akatoka hadi uani. Jumamosi akafika kwa jirani kuomba kiberiti, na kiberiti ninajua alikuwa nacho. Mimi nikaanza kutembea barabarani nimenyoosha shingo.

Jumapili akalifua. Dada yangu ni msafi wa kupita kiasi. Angeweza kufua maji. Lakini kulianika kwenye ule ua wa watu saba hakuweza, watoto wangeliona kwenye kamba. Akalikamua, akaliviringa kwenye leso mbichi, akalificha kwenye beseni nyuma ya kitanda, gizani, kwenye joto. Mtu yeyote wa jikoni anajua ukizifanyia pojo hivyo unataka nini.

Jumatano alfajiri simu yangu ikalia.

"Njoo," akasema, akakata.

Nilimkuta amekaa kitandani, beseni limewekwa juu ya kiti mbele yake, kama mgeni. Titi lilikuwa limevimba mara mbili. Kwenye mshono wangu, ule ninaojivunia, vilitoka vimkia vyeupe pande zote. Wengine watakuambia vilikuwa vimkia tu. Mimi nilikuwepo, na naapa kulikuwa na jani.

"Umenipandia shamba kifuani," dada akasema.

Nikacheka, kwa hofu. Naye akacheka; alicheka mpaka akashika mbavu upande wa mshono wake. Nikaona basi, mambo yamekwisha, tunakwenda. Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Haya," akasema. "Rudi kazini. Siendi."

"Dada, ni leo."

"Najua ni leo. Siendi ubao."

Saa moja na nusu. Tulitakiwa kuwa hospitali kisiwani saa tatu. Nikaufungua mkoba wangu wa kazi, nikachana titi, pojo zikamwagika kwenye beseni zikiwa na furaha zake. Nikautoboa mto wa kitandani kwake, wa mkono wangu mwenyewe, nikachota usufi mkavu. Ikabaki uzito. Nikaangaza chumba kizima: chumvi itayeyuka, mchanga utavuja. Chini ya mkoba kulikuwa na nati ya gurudumu la lori, ninayoitumia kukandamizia kitambaa nikikata. Nikaipima mkononi. Nikamtazama dada. Nikaivika usufi tabaka kwa tabaka, kama kitunguu kinachorudishwa kuwa kitunguu, nikashona.

Akaingia nyuma ya pazia. Usufi wa mto ulikuwa umeshapanda hewani, chumba kizima kimejaa, na mwanga wa dirisha ukaufanya uonekane kama kitu kinachoanguka kutoka mahali pasipo na mwisho. Alipotoka alipita katikati yake bila kuugusa.

"Lina baridi ndani," akasema.

"Litapata moto."

Akajitazama kwenye kioo cha kabati. Akajigeuza. Akachukua mkoba wake.

Tuktuk aliilipia mkunga kwa simu. Tulipovuka Makupa upepo ukaingia, ukampapasa leso. Leso ilikaa ilipoambiwa.

Langoni mwa hospitali kulikuwa na foleni na askari kijana mwenye kile kidude cheusi cha kunusa chuma. Alikipitisha kwa watu kama anayewapepea. Kwangu hakikulia. Kwa dada kilipofika kifuani, kikalia.

Akakirudisha. Kikalia tena.

"Mama, una nini hapo?"

"Ni simu," nikasema mimi, kabla sijafikiri.

"Basi aitoe."

Dada akarudi nyuma hatua moja. Mpaka leo nikiiona hatua ile naiona ikichukua asubuhi nzima. Aligeuza uso barabarani. Tuktuk iliyotuleta ilikuwa bado ipo, dereva anakula karanga. Nyuma yetu foleni imesogea kusikiliza, kama foleni zinavyojua. Nilitaka kumshika mkono, mkono wangu ukawa usufi.

Kisha akamgeukia yule kijana.

"Mwanangu, umekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Basi sikiliza kabla hujanywa. Hili titi si langu. Langu lilikatwa humo ndani. Hili amelishona huyu ndugu yangu, ni fundi wa viti vya malori, na ndani ametia nati ya gurudumu, maana hajui kingine chenye uzito. Nimekuja kutiwa dawa. Natakiwa saa tatu."

Hakupaza sauti. Askari akakishusha kidude chake taratibu, macho chini. Mzee mmoja nyuma, mwenye ovaroli ya gereji na mkono uliofungwa bandeji, akaniuliza:

"Nati ya spana gani?"

"Thelathini na mbili."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu wa kazi. "Hiyo haitoki."

Kicheko kikaanza mbele, kikaenda mpaka mwisho wa foleni, kikarudi. Dada hakucheka, ila shingo yake ilinyooka.

"Pita, mama," askari akasema. "Pole sana."

"Pole baki nayo. Nipe njia."

Akapewa. Akapita, mimi nyuma yake, nikakaribia kumsalimia kila mtu kwa mkono.

Ndani tukakaa kwenye benchi la wanaosubiri dawa, akina mama tu, vilemba na mitandio. Habari za langoni zilikuwa zimetutangulia. Sijui zilipita mlango gani. Mmoja akamsogelea dada kumuuliza kama linachoma joto likipanda. Mwingine akauliza kama linafulika.

"Linafulika," dada akasema, "lakini ulianike juani. Usilifiche. Ukilificha ni hasara yako."

Mlango ukafunguka, muuguzi akatazama karatasi yake, akamwita.

"Abee," akaitika dada yangu, akasimama. Alinirushia mkoba wake bila kunitazama, akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake polepole kwenye ile springi yake.

Nikabaki mwanamume peke yangu kwenye benchi, mkoba wa kike magotini. Ilikuwa ya tatu. Zilibaki tatu. Mwanamke wa buibui aliyekuwa mwisho wa benchi akaja akaketi karibu nami, akatazama mbele, akazungumza chini kwa chini kama anayenunua kitu cha magendo.

"Washona la upande wa kulia pia?"

"Nashona," nikamwambia. "Bakuli gani?"